Nani Alimwimbia Mtoto?

Huu ndio wakati wa somo letu la historia. Sogeeni karibu na redio, na mwenye daftari alifungue. Kiongozi wa kikundi aandike ubaoni maneno haya manne: dungu, kuamia, kiitikio, chekechea. Tutayakuta njiani, na kila neno litaelezwa mahali pake.

Leo tutasema habari za nyimbo za watoto wachanga na watoto wadogo katika bonde na delta ya mto Rufiji. Delta ni mahali mto unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Nchi hiyo siku hizi ina wilaya mbili, Rufiji na Kibiti. Kibiti ilitengwa na Rufiji katika miaka ya 2010, lakini kwa habari zetu za leo tutaihesabu nchi hiyo kuwa moja.

Labda mmoja wenu atauliza, "Nyimbo za watoto nazo ni historia?" Ni swali zuri. Vitabu vya historia vinapotaja Rufiji, husema habari za Vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka 1905. Tena husema habari za manowari ya Wajerumani, jina lake Königsberg, iliyojificha katika mikono ya delta ikapigwa na Waingereza hata ikaangamia mwezi wa Julai 1915. Mambo hayo ni ya kweli, na yafaa kuyajua. Lakini katika mwaka ule ule wa mizinga, watoto walizaliwa visiwani, wakalia usiku, wakabembelezwa hata wakalala. Aliyewabembeleza hakuandikwa katika kitabu chochote. Hata hivyo, kazi yake ndiyo iliyowafanya watoto wale wawe watu wa kusema, wa kusikiliza, na wa kukaa na wenzao.

Basi swali letu la leo ni hili: Nani alimwimbia mtoto? Zamani alikuwa nani, baadaye alikuwa nani, na leo ni nani? Mtaona kwamba kila mara watu wa Rufiji walipobadili mahali pa kukaa au namna ya kufanya kazi, mwimbaji wa mtoto naye alibadilika. Mtaona pia kwamba wimbo peke yake haumtoshi mtoto. Ahitaji mtu wa kuuimba, na mtu huyo awe karibu naye.

SEHEMU YA KWANZA: MGONGONI

Tuanze mahali mtoto mwenyewe anapoanza, yaani kwa mama. Mtoto husikia kabla hajazaliwa. Mwaka 1980 wataalamu wawili huko Marekani, DeCasper na Fifer, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto waliozaliwa siku chache tu. Waliona kwamba mtoto huitambua sauti ya mama yake, na huipenda kuliko sauti ya mwanamke mwingine. Wakunga wetu wa zamani hawakuwa na vyombo vya kupimia, lakini walijua kwamba mtoto akilia, sauti ya mama hutuliza kuliko sauti ya mgeni.

Baada ya kuzaliwa, darasa la kwanza la mtoto lilikuwa mgongo. Mama alimfunga kwa mbeleko akaendelea na kazi. Katika nchi ya mpunga kazi moja ya kila siku ilikuwa kutwanga. Mkitwanga wawili au watatu katika kinu kimoja, hapana budi kupokezana. Mchi wa huyu ukipanda, wa yule hushuka. Atakayekosea atagonga mchi wa mwenzake. Kwa hiyo watwangaji huimba, na wimbo huwashika pamoja. Mtoto aliye mgongoni hausikii wimbo kwa masikio tu. Mwili wake wote hupanda na kushuka pamoja na mchi.

Mambo haya yaliwashughulisha wataalamu wa siku hizi. Mwaka 2005 wanawake wawili huko Kanada, Phillips-Silver na Trainor, walijaribu watoto wa miezi saba. Waliwasikilizisha mapigo ya ngoma yasiyo na mkazo, huku wakiwarusharusha mikononi. Wengine walirushwa kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Kisha walipopewa kusikiliza, kila mtoto alipendelea mapigo yenye mkazo kama ule aliorushwa nao. Watoto waliokaa tu na kumtazama mtu mzima akijirusha hawakupata jambo hilo. Kwa ufupi, mtoto mchanga hujifunza mapigo kwa kuchezeshwa, wala hayapati kwa kutazama. Tulitie jambo hili moyoni, kwa maana tutalihitaji mwisho wa somo.

SEHEMU YA PILI: DUNGUNI

Sasa tutazame neno la kwanza ubaoni, dungu. Dungu ni kibanda kilichojengwa juu ya nguzo katika shamba. Sakafu yake ni ya fito, na paa lake ni la makuti au majani. Watu wa Rufiji walilima mpunga katika bonde linalofurika maji, maana maji ya mto huleta tope lenye rutuba. Shamba lilikuwa mbali na nyumbani, na adui zake walikuwa wengi: nguruwe mwitu, nyani, kiboko, na ndege. Kwa hiyo jamaa walihamia shambani kwa miezi mingi, wakalala dunguni, wakayalinda mazao yao.

Hapo twakuta neno la pili, kuamia. Kuamia ni kulinda mazao shambani kwa kufukuza ndege na wanyama. Mpunga ukianza kutoa masuke, ndege hushuka kwa makundi makubwa, na kundi moja laweza kuondoka na chakula cha jamaa. Kazi ya kuamia ndege ilikuwa hasa ya watoto. Walipiga debe, walirusha udongo kwa kombeo, walipiga makelele, na kuimba. Mtoto wa shamba hili aliita, na wa shamba la pili akaitikia, hata ndege wasipate mahali pa kutua. Mtu wa mjini angesema watoto wale wanacheza. Kumbe walikuwa wakilinda wali wa mwaka mzima.

Katika siku hizo za dungu, nani alimwimbia mtoto mchanga? Mama alikuwa kondeni, ameinama. Baba alikuwa akilinda usiku, na mchana akilala. Aliyebaki na mtoto alikuwa dada yake, binti wa miaka saba au minane. Yeye ndiye aliyembeba ubavuni, akamchezesha, akampigia makofi, akamwimbia alichokisikia kwa mama na bibi. Mwalimu huyu alikuwa na mtoto kutwa, wala hakuna aliyemhesabu kuwa mwalimu.

Lakini, ndugu zangu, tusiyasifu mambo ya kale kupita kiasi. Dungu lilikuwa na upweke. Mtoto alikaa miezi mingi bila ya kuona wenziwe wa rika moja. Palikuwa na mbu wengi, zahanati ilikuwa mbali au haikuwako kabisa, na watoto wengi walikufa kwa homa. Tena yule dada mlezi hakupata nafasi ya kusoma.

SEHEMU YA TATU: DUARA LA MBALAMWEZI

Mavuno yakiisha watu walirudi majumbani, na hapo watoto walikutana. Usiku wa mbalamwezi ulikuwa wao. Walishikana mikono wakafanya duara. Mmoja alianzisha wimbo, na wengine wakapokea kiitikio.

Kiitikio ndilo neno letu la tatu. Ni sehemu ya wimbo inayoimbwa na watu wote kumjibu yule anayeanzisha. Mara nyingi ni fupi, na hurudiwa tena na tena. Kwa sababu hiyo hata mtoto wa miaka miwili aweza kuingia. Hayajui maneno ya mwanzilishi, lakini kiitikio akijua. Akichelewa, wenzake humvuta. Akikaa kimya leo, kesho ataimba. Mwaka mwingine yeye ndiye atakayeanzisha.

Fikirini mafunzo yaliyomo katika duara hilo. Mtoto hujifunza kungoja zamu yake. Hujifunza kusikiliza kabla ya kujibu. Hujifunza majina ya viungo vya mwili, wanyama na hesabu ndogo ndogo. Hujifunza kwamba akiachia mkono wa mwenziwe duara litavunjika. Mambo hayo yote hufundishwa bila ya fimbo wala ubao.

Mtu mmoja wa Pwani yetu aliona kwamba mambo haya yafaa kuandikwa. Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa nchi ya Bagamoyo, kaskazini ya Rufiji. Alikwenda Berlin mwaka 1900 akafundisha Kiswahili huko. Mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu, Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro. Ndani yake zimo habari za kuzaliwa, za malezi na za michezo ya watoto. Basi miaka miwili kabla ya Vita vya Majimaji, mwenyeji wa Mrima alikwisha kuona kwamba michezo ya watoto ni habari inayostahili wino.

Mahali pengine pa watoto kukusanyika palikuwa chuoni, yaani madrasa. Watoto wa Rufiji, ambao wengi ni Waislamu, walikaa mkekani wakasoma kwa sauti moja nyuma ya mwalimu. Mwalimu wa chuo hataki kisomo kiitwe wimbo, na ana haki yake. Lakini mtoto wa miaka minne aliyefuatana na kaka yake chuoni alizoea jambo lile lile la duara: kusikiliza kwanza, kisha kupokea pamoja na wenziwe. Siku za maulidi alisikia dufu na kasida. Siku za ngoma alikaa pembeni na kutikisika kwa mapigo ya watu wazima, mpaka usingizi ukamchukua.

SEHEMU YA NNE: KIJIJI NA CHEKECHEA

Sasa twafika wakati wa Uhuru. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, akihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alisema kwa masikitiko kwamba wasomi wengi walifundishwa nyimbo na ngoma za Ulaya, na za kwao wakaonyeshwa kuwa si kitu. Ndipo akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka huo huo ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ambao wakati huo uliitwa kwa jina la Tanganyika. Moja ya kazi za umoja huo ilikuwa kuwahimiza wanawake waanzishe vituo vya kulelea watoto wadogo mchana.

Mwaka 1968 Rufiji ilipata mafuriko makubwa. Baada ya hapo serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni, ikawaweka katika vijiji kwenye nchi ya juu. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Rufiji. Watu waliokuwa wakikaa mbali mbali, kila jamaa karibu na shamba lake, sasa walikaa pamoja karibu na shule, zahanati na barabara. Wengi walisikitika kwa kuacha udongo mzuri wa bondeni. Baadhi walirudi kulima huko, wakajenga madungu upya. Lakini kwa mtoto mdogo jambo moja lilibadilika kabisa: sasa alikuwa na wenziwe wa rika moja mwaka mzima.

Jambo la pili lilikuja mwaka 1974. Mwezi wa Novemba, Chama cha TANU kilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule aende shule ya msingi. Azimio hilo lilikuwa jema sana. Lakini tazameni lilivyogusa habari yetu. Yule dada wa miaka minane aliyembeba mdogo wake dunguni, sasa asubuhi alichukua daftari akaenda shule. Haki yake aliipata, lakini mama alirudi na swali: nani atabaki na mtoto?

Jibu la vijiji vingi vya Tanzania lilikuwa neno letu la nne, chekechea. Chekechea ni darasa la watoto wadogo wasiofikia umri wa shule ya msingi. Kijiji kilitoa banda au kivuli cha mwembe. Mwanamke mmoja au wawili walichaguliwa wakae na watoto, na wazazi wakachanga uji. Vifaa havikuwapo. Basi waalimu hao walifanya nini kutwa na watoto thelathini au hamsini? Waliwaimbia. Waliimba nyimbo za kunawa mikono, za kuhesabu, za kungojea uji. Duara la mbalamwezi lilihamia mchana, na aliyelianzisha akawa mtu mzima badala ya dada. Mwaka 1981 serikali ilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, ili viandikishwe na kukaguliwa.

Hapa twaona faida na hasara. Faida ni kwamba watoto wengi walikutana mahali pamoja, wakala uji, wakazoea darasa. Hasara ni kwamba mtoto mchanga, yule asiyeweza kutembea, hakuwa na mahali katika chekechea. Kwa mtoto huyo jibu lilikuwa bado halijapatikana.

SEHEMU YA TANO: WENZETU WA NCHI NYINGINE

Tutoke Rufiji kidogo, tuone wenzetu walifanyaje.

Mwaka ule ule wa 1905, vita vilipowaka kusini ya nchi yetu, mtu mmoja wa Hungaria, jina lake Zoltán Kodály, alianza kuzunguka vijijini akikusanya nyimbo za wakulima na kuziandika. Baadaye alishikilia kwamba mtoto aanze muziki kwa kuimba, tena kwa nyimbo za lugha ya mama yake. Mafundisho yake yalienea katika shule za nchi yake, na kisha katika nchi nyingi.

Huko Ujerumani, Carl Orff na mwanamke mwenziwe Gunild Keetman walianza mwaka 1948 kutoa vipindi vya muziki kwa watoto katika redio ya Bavaria. Walitumia makofi, miguu, ngoma ndogo na marimba, vyombo ambavyo mtoto aweza kuvipiga tangu siku ya kwanza. Redio haikukusudiwa kuwanyamazisha watoto. Ilikusudiwa kuwainua wapige na waimbe wenyewe.

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, jamaa hukaa kila mmoja nyuma ya mlango wake. Mama mwenye mtoto mchanga aweza kukaa kutwa bila ya kuzungumza na mtu. Huko yalianza madarasa ya muziki ya watoto wachanga. Mama huja na mtoto wa miezi sita, wakakaa chini kwa duara pamoja na wengine. Huimba, hutikisa vyombo kama kayamba, huwarusharusha watoto. Wengi hulipa ada kwa saa hiyo moja ya wiki.

Huko Hamilton, Kanada, madarasa hayo yalichunguzwa, na habari zake zikatolewa mwaka 2012. Watoto wa miezi sita waligawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza waliimba na kucheza pamoja na wazazi wao kila wiki kwa miezi sita. Fungu la pili walikutana vile vile, lakini walicheza na vitu vya kuchezea huku muziki wa mashine ukilia pembeni. Walipofikia mwaka mmoja, wale wa kuimba walikuwa hodari zaidi kutumia ishara, kama kuonyesha kitu kwa kidole na kupunga mkono wa kuaga. Tena walicheka zaidi, na walifadhaika kwa uchache kuliko wenzao. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine wa Kanada ulionyesha kwamba watoto wa miezi 14 waliorushwarushwa kwa mapigo mamoja na mtu mzima walikuwa wepesi kumsaidia mtu huyo alipoangusha kitu.

Mtu asije akasema, "Basi sisi tulikuwa nayo yote, hatuna la kujifunza." La. Wao walipoteza duara wakalitafuta tena kwa juhudi, wakatenga siku na saa. Sisi twaweza kulipoteza bila ya kujua, kwa kuwa hatukuwahi kulihesabu kuwa mali.

Karibu nasi pia uko mfano mzuri. Katika miaka ya 1980, wazazi Waislamu wa Mombasa walitaka watoto wao wapate malezi ya awali bila ya kuacha dini yao. Kwa msaada wa Shirika la Aga Khan, ulianzishwa mpango wa shule za awali za madrasa, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Waalimu walikuwa wanawake wa mitaa ile ile. Nyimbo, hadithi na vifaa vya kuchezea vilitokana na mazingira yao. Jambo hilo laonyesha kwamba mafunzo mapya yaweza kukaa mkeka mmoja na desturi ya watu.

SEHEMU YA SITA: LEO

Sasa turudi Rufiji na Kibiti. Leo nani anamwimbia mtoto?

Mengi yamekuwa mema. Tangu Sera ya Elimu ya mwaka 1995 elimu ya awali imetambuliwa kuwa sehemu ya elimu rasmi, na sera ya mwaka 2014 ilitaka kila mtoto aipate kabla ya darasa la kwanza. Mwezi wa Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Hata mtoto yule asiyetembea amo katika mpango huo wa taifa.

Lakini yako mambo mawili ya kutufikirisha. La kwanza ni lugha. Mwaka 2013 mtaalamu Eva-Marie Ström wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, alitoa kitabu juu ya Kindengereko, lugha ya wenyeji wa Rufiji na Kibiti. Alionyesha kwamba lugha hiyo imo hatarini, kwa sababu vijana wengi wanatumia Kiswahili. Kiswahili ni lugha yetu sote, na hapana ubaya mtoto kukijua. Lakini nyimbo za kubembeleza za Kindengereko zimo vifuani mwa bibi. Bibi akiondoka bila ya kuimba, nazo huondoka naye.

La pili ni simu. Mtoto akilia, hupewa simu atazame picha zinazoimba, na hunyamaza. Mama ana kazi nyingi, na hatumlaumu. Lakini kumbukeni watoto wale wa mwaka 2005. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni. Na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Simu huimba vizuri, lakini haimwoni mtoto. Haijui kwamba amechoka au amecheka. Haingoji ajibu.

Tena mto haujasahau njia yake. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliingia tena Rufiji na Kibiti, mashamba yakafunikwa na jamaa wengi wakahama nyumba zao. Siku kama hizo mtoto hupoteza kitanda, sahani na mlango alioujua. Sauti ya mama yake na wimbo alioujua havikuachwa nyuma ya maji. Ndiyo sababu twasema nyimbo hizi ni akiba.

SEHEMU YA SABA: KAZI YA KIKUNDI

Mwisho wa somo nawapeni kazi mbili. Zote mbili hazihitaji fedha.

Kazi ya kwanza ni duara. Chagueni siku moja katika wiki, na kivuli kimoja. Waje mama na baba wenye watoto wachanga, waje na wale wa miaka miwili na mitatu. Aitwe bibi mmoja mwenye sauti, na binti mmoja baada ya saa za shule. Kaeni chini, kila mtoto mapajani mwa mtu wake. Imbeni nyimbo chache tu, mzirudie kila wiki, maana mtoto hupenda anachokijua. Letezeni kayamba, debe na makofi. Mkitia mbegu ndani ya kopo, lifungwe sawasawa, kwa kuwa mtoto hutia kila kitu kinywani na mbegu huweza kumkaba. Debe lisipigwe karibu na masikio ya mtoto mchanga. Nusu saa yatosha.

Kazi ya pili ni yenu hasa, ninyi wanafunzi wa kisomo. Mwaka jana au juzi kalamu ilikuwa nzito mkononi, na leo mwaandika. Nendeni kwa wazee wenu, mkaulize nyimbo walizobembelezewa. Andikeni wimbo mmoja mmoja katika daftari, kwa Kindengereko au Kiswahili, kama ulivyoimbwa. Andikeni pia nani aliuimba, wapi, na katika kazi gani: kutwanga, kuamia, au kumlaza mtoto. Mtoro alifanya hivyo kwa Mrima, na Kodály kwa Hungaria. Kwa vijiji vyenu hakuna atakayefanya kama si ninyi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Dungu ni nini? Katika siku za dungu, nani alikaa na mtoto mchanga?
2. Azimio la mwaka 1974 lilibadilishaje malezi ya watoto wadogo?
3. Kwa nini mtoto wa miaka miwili aweza kuingia katika wimbo wenye kiitikio?
4. Watoto wa fungu la kwanza na la pili huko Kanada walitofautiana kwa nini?
5. Katika kijiji chenu leo, nani anamwimbia mtoto asiyeweza kutembea bado?

Swali la tano msilijibu haraka. Zungukeni kwanza nyumba tatu au nne, mkatazame, kisha mrudi mseme mlichokiona. Kwa herini, ndugu wasikilizaji, na kazi njema.